NIMEUMIA HAPA, NIDAI WAPI?
Somo juu ya sheria ya madhara na biashara za kimataifa

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu, Rukanga

Katika jarida letu tumezoea kusoma mashairi, vitendawili na insha za methali. Leo nawaletea somo la aina nyingine. Ni somo la sheria. Msikunje nyuso! Sheria si mali ya mawakili wa Voi na Mombasa peke yao. Mtu asiyeijua sheria ni kama mtu anayekatiza Tsavo usiku bila tochi. Huenda akafika salama, lakini si kwa ujanja wake.

Swali letu ni hili: ukiumizwa hapa Taita na kazi au bidhaa ya kampuni ambayo wenyewe wako London, Paris au Marekani, utamdai nani? Utadai katika mahakama gani? Na hakimu atatumia sheria ya nchi gani? Tutaona kwamba jibu si moja. Tutaona pia kwamba wako watu walioumia kweli kweli wakaondoka mikono mitupu, kwa sababu tu walibisha mlango usiofaa au walichelewa kubisha.

1. MADHARA NI NINI?

Hapa Kasighau hakuna asiyelijua neno fidia. Ndovu wametufundisha. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama aliyeorodheshwa humo, milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Hapo hakuna anayeuliza kama ndovu alikuwa na makosa. Serikali ndiyo inayodaiwa. Ndovu hana wakili wala hana akaunti ya benki.

Sheria ya madhara ni kitu kingine. Hii inahusu mtu, au kampuni, iliyomdhuru mwingine kwa uzembe au kwa makusudi, hata kama hapakuwa na mkataba wowote baina yao. Msichanganye jambo hili na kesi ya jinai. Katika jinai serikali humshtaki mkosaji, naye huenda akafungwa jela. Katika kesi ya madhara aliyeumia ndiye anayefungua kesi, na anachotafuta ni fidia.

Tuchukue mfano. Dereva wa lori la mchanga anajua breki zake ni mbovu, lakini anaingia barabarani hivyo hivyo. Pale Maungu breki zinakataa, analigonga genge la mama muuza ndizi na kumvunja mguu. Ili mama huyo ashinde kesi anatakiwa kuthibitisha mambo manne:

(a) Kwamba dereva alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake.
(b) Kwamba alikiuka wajibu huo. Huo ndio uzembe.
(c) Kwamba yeye mama alipata madhara, yaani mguu, ndizi na siku za biashara alizopoteza.
(d) Kwamba madhara hayo yalitokana na uzembe huo, wala si jambo jingine.

Likikosekana moja, kesi huanguka. Yashikeni haya manne vizuri, kwa maana tutayarudia mpaka mwisho.

Mawakili wetu hupenda sana kesi ya konokono. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake chupa ya soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi. Alikuwa ameshakunywa kiasi ndipo rafiki yake alipomimina iliyobaki, na mabaki ya konokono aliyeoza yakatoka, kwa maelezo yake. Aliugua. Lakini atamdai nani? Mkataba na mwenye mkahawa hakuwa nao, kwa kuwa hakununua yeye. Basi akamshtaki mtengenezaji. Mwaka 1932 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji hata kama hawajawahi kuonana. Jaji aliyeitwa Lord Atkin alilieleza jambo hilo kwa neno ambalo sisi tunalijua sana: jirani. Jirani yako katika sheria ni yule ambaye ungepaswa kumfikiria kabla ya kutenda, kwa sababu kitendo chako kinaweza kumdhuru.

Sasa ujirani huo una mipaka? Kampuni ya London ni jirani ya kibarua wa Kericho? Hapo ndipo penye kesi.

2. KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU SISI WA RUKANGA?

Mwenzangu mmoja akiona kichwa cha somo hili atasema, "Aah, biashara za kimataifa ni za watu wa Nairobi!" La hasha. Hebu tutazame hapa hapa tulipo.

Akina mama wetu husuka vikapu vya mkonge, na vikapu hivyo huuzwa ng'ambo. Misitu ya ukanda huu wa Kasighau imeingia katika biashara ya hewa ya ukaa, ambapo kampuni yenye asili ya Marekani huwauzia wanunuzi wa nchi za nje vyeti vya hewa hiyo. Mradi huu ulipata vyeti vyake vya kwanza mwaka 2011. Vito vya kijani vya tsavorite, vilivyopewa jina la Tsavo mwaka 1974, huchimbwa katika kaunti yetu na kuvaliwa na matajiri wa mbali. Reli ya kisasa inayopita Voi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa na kampuni ya Uchina. Na kaka na dada zetu wangapi wamepanda ndege kwenda kufanya kazi Uarabuni?

Kwa hiyo wengi wetu tukimaliza Kidato cha Nne, tutafanya kazi ambayo upande mmoja uko hapa na upande wa pili uko ng'ambo. Ndiyo maana tunafaa kujua.

3. SHERIA ZA MATAIFA SI SAWA

Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mtindo wa Kiingereza. Kwa mtindo huu sheria ya madhara hukua kesi kwa kesi, na hukumu ya jana humwongoza jaji wa leo. Sheria yetu ya mahakama ya mwaka 1967 inasema kwamba tunatumia sheria hiyo ya Kiingereza jinsi ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, mradi iwiane na hali ya watu wetu. Hukumu zilizotolewa baadaye, kama ile ya konokono, hazitufungi, lakini majaji wetu huzizingatia sana.

Ufaransa ina mtindo mwingine. Huko kila kitu kimeandikwa katika kitabu kimoja cha sheria za kiraia, ambacho kilitolewa mwaka 1804. Kanuni yake ya madhara ni fupi mno, kwamba anayesababisha hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Wabelgiji waliupeleka mtindo huo Kongo mwaka 1888, na mpaka leo jaji wa Bukavu au Lubumbashi huanzia kwenye kifungu cha kitabu. Wajerumani nao wana kitabu chao kilichoanza kutumika mwaka 1900, na wao waliorodhesha vitu vinavyolindwa: uhai, mwili, afya, uhuru na mali.

Oman na nchi za Ghuba zina vitabu vya sheria pia, lakini vina mizizi katika sheria ya Kiislamu. Huko kuna diya, yaani fidia ya damu, ambayo hulipwa hata kama mtu ameuawa kwa bahati mbaya.

Marekani ilirithi mtindo wa Kiingereza, lakini iliongeza chumvi yake. Huko kesi za madhara husikilizwa na baraza la raia wa kawaida, nao wanaweza kuongeza fidia ya kuadhibu, yaani pesa za kumtia adabu mkosaji juu ya zile za kumponya aliyeumia. Mwaka 1994 baraza moja huko Albuquerque liliamua kwamba McDonald's imlipe bibi wa miaka 79 dola milioni 2.7 za adhabu, kwa sababu kahawa yao ya moto kupita kiasi ilimwunguza vibaya. Watu walicheka dunia nzima, lakini bibi huyo alikuwa ameungua hata akahitaji kupandikizwa ngozi. Jaji alizipunguza pesa hizo hadi dola 480,000, na fidia ya kawaida ikawa 160,000, kwa maana naye alionekana kuchangia asilimia 20 ya kosa. Ujerumani, kwa upande wake, haikubali fidia ya kuadhibu. Mwaka 1992 mahakama yao kuu ilikataa kuitekeleza hukumu ya namna hiyo iliyotoka Marekani. Wao husema adhabu ni kazi ya serikali.

Mnaona? Jeraha ni lile lile, lakini thamani yake hubadilika ukivuka mpaka.

4. MILANGO ILIYOBISHWA

Hebu sasa tutembelee milango ambayo watu wetu wa Afrika Mashariki wamebisha, tuone waliofunguliwa na waliofungiwa. Tuanzie nyumbani.

Mlango wa Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwa betri kuukuu. Kilisajiliwa kuuza bidhaa zake nje ya nchi. Wanakijiji walipopimwa damu walikutwa na sumu ya risasi, na watoto wakiwemo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wakazi wakiongozwa na mama Phyllis Omido walienda mahakamani, na mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawapa shilingi bilioni 1.3. Waliobebeshwa mzigo huo ni wenye kiwanda na pia idara za serikali zilizopaswa kukikagua. Rufani ilipokatwa, hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka 2023. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Funzo hapa ni kwamba mlango wa nyumbani unaweza kufunguka, na serikali iliyofumba macho hulipa pia. Lakini safari ni ndefu mno.

Mlango wa London. Hapa tuna kesi mbili za kulinganisha. Ya kwanza ni ya wafanyakazi wa majani chai wa Kericho walioshambuliwa na makundi ya watu katika ghasia za uchaguzi wa 2007. Waliishtaki Unilever ya Uingereza, yaani kampuni mama, wakisema ilipaswa kuwakinga. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya London ilikataa. Ilisema kwamba kampuni tanzu ya Kenya ndiyo iliyokuwa ikijipangia mambo ya usalama wake, na mama wa London hakuushika usukani. Rudini kwenye mambo yetu manne. Wafanyakazi walikwama katika lile la kwanza, wajibu.

Kesi ya pili ni ya wanakijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, waliolalamika kwamba mgodi wa shaba umeyachafua maji yao. Waliishtaki Vedanta, kampuni mama iliyokuwa Uingereza. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu waendelee na kesi huko. Sababu yake? Vedanta yenyewe ilikuwa imetangaza katika maandishi yake kwamba inasimamia mambo ya mazingira katika migodi yake yote. Tena jaji aliona kwamba wanakijiji maskini hawangepata mawakili wa kuiweza kesi kubwa namna hiyo kwao. Miaka miwili baadaye waliafikiana nje ya mahakama.

Umeiona tofauti? Kampuni mama inayosema "sisi ndio tunaosimamia" imejiita jirani yenyewe.

Kesi nyingi za namna hii hazifiki kwenye hukumu. Mwaka 2021 kampuni ya Camellia ya Uingereza ilikubali kutoa hadi pauni milioni 4.6 kumaliza madai ya watu walioishi karibu na shamba la Kakuzi huko Murang'a, waliosema walidhulumiwa na walinzi. Mwaka huo huo Petra Diamonds ilikubali kutoa pauni milioni 4.3 kwa ajili ya madai kama hayo katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga. Kabla ya Kakuzi kumalizana na wadai, maduka ya Tesco yalikuwa yameacha kununua maparachichi yake. Mfanyabiashara huogopa hakimu, lakini humwogopa mnunuzi zaidi.

Mlango wa Edinburgh. Wachuma chai wengine wa Kericho, zaidi ya elfu moja, waliishtaki James Finlay Kenya, kampuni iliyosajiliwa Scotland. Walisema migongo yao iliharibika kwa kubeba mizigo mizito kwa miaka. Kampuni ikajibu kwamba Kenya ina sheria yake ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007, ambayo inamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri mahakamani na kumtaka apeleke madai yake kwa mkurugenzi wa usalama kazini. Mambo yakawa moto. Mahakama ya Nairobi ilitoa amri ya kuzuia mambo ya kesi hiyo kufanyika hapa, na ile ya Edinburgh ikatoa amri ya kuizuia kampuni kuivuruga kesi kwa njia hiyo. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mwishowe, mwaka 2023, majaji wa Edinburgh waliisimamisha kesi ili wafanyakazi waijaribu kwanza njia ya Kenya. Hawakusema wachuma chai ni waongo, wala hawakuifuta kesi. Walisema tu, anzeni nyumbani.

Mlango wa Paris. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2017 inayoyataka makampuni yake makubwa yawe na mpango wa kuzuia madhara popote yanapofanya kazi, hata kwa kampuni tanzu. Mashirika ya Ufaransa na Uganda yaliitumia kuishtaki TotalEnergies kuhusu mafuta ya Uganda na bomba linalokwenda Tanga. Mwezi wa Februari 2023 mahakama ya Paris iliyatupa madai hayo kwa sababu ya utaratibu, bila kuamua nani mwenye haki. Mwezi wa Juni mwaka huo huo, Waganda 26 pamoja na mashirika walifungua kesi nyingine, mara hii wakidai fidia.

Mlango wa Washington. Mwaka 2019 familia za Kongo, ambazo watoto wao waliuawa au kulemazwa katika mashimo ya kobalti, ziliyashtaki Apple, Google, Microsoft, Dell na Tesla. Kobalti ndiyo inayotumika katika betri za simu na magari ya umeme. Mwezi wa Machi 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa. Ilisema kwamba kununua kobalti sokoni, kupitia mikono mingi, si sawa na kushirikiana na wale wanaowatumikisha watoto. Maskini! Shimo liko Kolwezi, simu iko mkononi mwetu, na katikati kuna wanunuzi wengi kiasi kwamba sheria haikuweza kuifunga kamba kutoka upande mmoja hadi mwingine.

5. SHERIA YA NANI HUTUMIKA?

Hili huwashangaza wengi. Ukifungua kesi London kwa ajili ya madhara yaliyotokea Kericho, usidhani utapimwa kwa sheria ya Kiingereza. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2007, ambayo Uingereza iliendelea nayo hata baada ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, inasema kwamba kwa kawaida hutumika sheria ya mahali madhara yalipotokea. Jaji amevaa joho la London, lakini anasoma sheria ya Kenya!

Basi mtu atauliza, kwa nini watu wajisumbue kwenda huko? Sababu ni kama hizi. Kampuni mama ndiyo yenye mali. Kumbukumbu na barua za wakubwa ziko huko, na mahakama inaweza kuamuru zitolewe. Tena wako mawakili wanaokubali kulipwa baada ya kushinda. Mlango si sheria peke yake. Mlango ni mali, karatasi na wakili.

6. WAFANYABIASHARA NAO HUFANYAJE?

Si haki kuwaona wenye biashara kama maadui. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kazi tunazihitaji. Sheria ya madhara huwabadilisha wafanyabiashara kwa namna nyingi. Hununua bima. Huandika maonyo kwenye bidhaa. Hufungua kampuni tanzu katika kila nchi ili hasara ya huku isipande hadi kwa mama. Wengine, baada ya kesi kama ya Vedanta, huwa waangalifu na maneno wanayotangaza.

Hata msusi wa vikapu anaguswa. Tangu mwaka 1985 kanuni za Ulaya zinamhesabu mwenye kuingiza bidhaa kutoka nje kama ndiye mtengenezaji. Bidhaa yenye kasoro ikimdhuru mtu, hulipa bila hata kuthibitishwa uzembe. Kwa hiyo mnunuzi wa vikapu akiuliza, "Mama, rangi hii umeitoa wapi?" msimwone mchokozi. Anajua rangi ikimdhuru mtoto wa huko, yeye ndiye atakayeitwa kwanza.

7. CHELEWA CHELEWA...

...utapata mwana si wako. Hakuna kitu kinachoua kesi kama muda. Hapa Kenya, kesi ya madhara inatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 3. Ukiidai serikali ni miezi 12 tu. Madai ya kuumia kazini chini ya sheria ya 2007 yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Mahakama huweza kuongeza muda kwa sababu maalum, lakini usiitegemee huruma hiyo. Na kwa kuwa sheria ya mahali pa ajali hukufuata, miaka yetu 3 huenda nawe mpaka London.

Tazameni Wakenya walioteswa wakati wa Mau Mau. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Mwaka 2018 madai ya kundi lingine la watu wapatao 40,000 yalikataliwa London, na sababu kubwa ni kwamba miaka mingi mno ilikuwa imepita, mashahidi wamekufa na karatasi zimepotea.

Sisi Wakasighau tunaujua uchungu huo. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakoloni Waingereza waliwashuku wazee wetu kuwa waliwasaidia Wajerumani. Nyumba zilichomwa, na watu wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi, na waliobaki walirudi katika miaka ya 1930. Aliyewadhuru hakuwa kampuni, alikuwa serikali. Lakini wazee hao wangefungua kesi wapi mwaka 1915? Hawakuwa na wakili, hawakuwa na daftari, na mahakama ilikuwa ya yule yule aliyewachomea nyumba. Sisi tuna shule. Basi shule itufae.

8. TUFANYE NINI?

Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki vile vile. Nimeyakusanya haya kwa ajili ya kila atakayepata kibarua kesho:

Kwanza, jua jina kamili la mwajiri wako. Si "kwa Mchina" au "kwa Mzungu". Ni jina lililo kwenye mkataba, kwenye hati ya malipo au kwenye kitambulisho cha kazi. Kampuni mama na kampuni tanzu zinaweza kufanana majina, na ukikosea umebisha mlango wa jirani.

Pili, ukiumia, toa habari siku hiyo hiyo kwa nyapara au msimamizi, tena mbele ya shahidi. Mwajiri akishapewa habari ana siku 7 za kumpasha mkurugenzi wa usalama kazini. Mtu akifariki ni saa 24.

Tatu, nenda hospitali na uitunze karatasi ya daktari. Hiyo ndiyo inayothibitisha jambo la tatu na la nne katika yale manne yetu.

Nne, hifadhi maandishi ya kampuni, hata bango la "Usalama Kwanza" lenye nembo ya makao makuu. Wazambia walisaidiwa na maneno ya kampuni yenyewe.

Tano, uliza mapema. Voi kuna mahakama, na huhitaji kungoja mpaka mwaka wa tatu uishe.

Kwa wenzangu wa Kidato cha Nne mnaotutoka mwaka huu, kateni ukurasa huu mkauweke pamoja na vyeti vyenu. Nawatakia kazi njema na viungo vizima.

MASWALI YA ZOEZI

1. Taja mambo manne ambayo mdai hutakiwa kuthibitisha katika kesi ya madhara.
2. Fidia ya aliyejeruhiwa na ndovu ina tofauti gani na fidia ya aliyejeruhiwa na lori?
3. Kwa nini kesi ya Kericho dhidi ya Unilever ilishindwa na ile ya Chingola ikaruhusiwa?
4. Jadili: "Mwenye kununua ni jirani wa mwenye kuchimba." Tumia kesi ya kobalti. (Swali hili tutalifanyia mdahalo chamani.)

MSAMIATI

Fidia: malipo ya kumrudishia mtu alichopoteza kwa kudhuriwa.
Uzembe: kutokuwa mwangalifu pale unapopaswa kuwa.
Mdai: anayefungua kesi kutaka haki yake.
Kampuni mama: kampuni inayomiliki kampuni nyingine.
Kampuni tanzu: kampuni inayomilikiwa na kampuni nyingine.
Kutengua hukumu: kuifuta hukumu iliyotolewa na mahakama ya chini.
Diya: fidia ya damu katika sheria ya Kiislamu.